Bibie Atatoka Uvunguni Kabla ya Jumapili

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Paka bado yuko uvunguni. Tangu tumlete kutoka nyumbani kwa marehemu mama mkwe sijamwona mzima hata mara moja. Namwona kwa vipande. Sikio. Ncha ya mkia. Macho mawili gizani kama vifungo vya koti. Anakula sisi tukishalala. Nikikohoa sebuleni, nasikia kucha zinakwaruza sakafu chumbani: anarudi nyuma zaidi, mpaka ukutani.

Mama mkwe alimwita Bibie. Bibie gani huyu anayekimbia kijiko kikianguka?

Leo shemeji kapiga simu. Dada mkubwa wa mke wangu, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana. Sauti yake hata simuni inakufanya uchomekee shati. Anakuja Jumapili. Kasema mama yao hakumlea paka yule ili aje kuishi kama mfungwa. Akimkuta bado uvunguni anamchukua, anampeleka kwake, ambako hakuna nyundo wala mtu wa kupayuka. (Anamsema nani?)

Mke wangu akajibu kwamba ni haki yake. Akakata simu. Kisha akaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Hajalia tangu msiba. Hata makaburini hakulia. Watu wakamsifu, wakasema kajikaza. Lakini mimi namwona jioni akirudi kutoka duka la dawa anakofanya kazi. Kabla hajavua viatu anapiga magoti kando ya kitanda na kuongea na uvungu, kwa sauti ya chini, maneno nisiyoyasikia. Paka akiondoka, ataongea na nani?

Nimeapa. Kufika Jumapili Bibie atakuwa amekaa sebuleni, miguu kaikunja, anapokea wageni. Nimemwambia mke wangu aniachie mimi. Kaniomba tafadhali nisifanye chochote.

Hakukataa moja kwa moja.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Kwa daktari wa wanyama, na mke wangu. Bila paka. Tulishindwa kumtoa.

Daktari ni binti mpole, mikono imejaa alama za kucha. Kasema paka hana ugonjwa, ana msiba. Kapoteza mtu, kapoteza nyumba, kapoteza harufu zote anazozijua. Tumpe mahali pake pa kujificha, boksi lenye nguo ya marehemu. Tukae chini sakafuni, tusimkodolee macho, tusimvute. Chakula tukisogeze kidogo kidogo. Aje mwenyewe. Na asipotoa sauti tusidhani ametulia: paka aliyeogopa sana hunyamaza kama jiwe.

Akauliza kama nyumbani kuna kelele.

Nikamwambia hamna. Mke wangu akanitazama. Nikaeleza kwamba mimi ni fundi wa makochi, karakana yangu iko uani, mlango mmoja tu kutoka jikoni, na kwamba nyundo si kelele, nyundo ni kazi. Nadhani niliongea kwa nguvu kidogo. Mbwa wote chumba cha kusubiri walianza kubweka.

Ushauri wa kitoto! Mtu anajificha kupita kiasi, dawa yake umwongezee maficho? Kochi likibonyea hulibembelezi. Unalijaza.

Na ndivyo nilivyofanya. Mke wangu aliporudi kazini mchana, nilivaa glovu nikaujaza uvungu wote sponji, zile nene za viti vya ofisi. Bibie akatoka mbio, nikamwona mzima kwa mara ya kwanza: wa kijivu, mdogo kuliko nilivyodhani. Akaingia kabatini. Nikajaza kabati. Akaingia nyuma ya jokofu. Nikasukuma jokofu.

Jioni alikuwa juu ya kabati la vyombo, pembeni kabisa, anatetemeka mpaka sahani zinagongana.

Maendeleo! Jana alikuwa sakafuni, leo yuko karibu na dari.

Mke wangu aliona sponji. Alichukua mto akalala sebuleni, chini ya lile kabati.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Bibie anahitaji mfano wa kuiga. Sijui kwa nini sikufikiria mapema.

Jirani yangu, dereva mstaafu wa treni, ambaye mtaa mzima unamwita Kipenga, ana dume la paka linaloitwa Jemadari. Jemadari haogopi kitu. Hulala katikati ya barabara, magari yakamzunguka. Kipenga naye ana majivuno hayohayo, utadhani yeye ndiye aliyemzaa. Ilibidi niende kumwomba. Ilibidi niseme paka wake ni mzuri. Akaniambia niseme tena, hakusikia vizuri.

Akamleta mwenyewe asubuhi, mke wangu alipokwisha kwenda kazini. Akamweka katikati ya sebule, akakaa kwenye kiti changu, akasema tutazame.

Tulitazama. Jemadari akala chakula cha Bibie. Akanywa maji ya Bibie. Akainua mkia akakojolea pazia. Kisha akamwona Bibie mwenyewe, pale juu ya kabati.

Sitaandika yote. Sahani za harusi zimevunjika zaidi ya nusu. Bibie alipita hewani, akapita begani kwangu (nina mkwaruzo), akatokea jikoni kwenda uani. Kipenga akapiga makofi akasema kumbe mbio anazo.

Nilimtafuta kidogo. Nilikuwa na kazi ya watu. Kochi la wakili lilitakiwa kwake kesho asubuhi, na lilikuwa bado limepinduliwa mezani, tumbo wazi. Nikawaza nimwache, atajitokeza. Nikalifunga kochi kwa kitambaa cheusi cha chini, nikapiga pini kuzunguka pembe zote kwa stepla yangu kubwa inayolia kama bastola. Kazi safi. Hata sisimizi hawezi kupenya.

Mke wangu aliporudi aliuliza Bibie yuko wapi. Nikamwambia karudi kabatini, kajipenyeza kati ya sponji, amelala, tumwache apumzike. Niliamini atakuwa kabatini.

Sauti yangu ilitoka nyembamba. Alinisikia.

Alhamisi, tarehe 6 Machi, mchana

Hayuko kabatini.

Hayuko popote. Mke wangu hakwenda kazini. Tangu alfajiri anazunguka na tochi. Kafungua droo ambazo hata mende hawezi kuingia. Kaingiza mkono ndani ya mashine ya kufulia. Kainama kuangalia ndani ya oveni, na hapo nikaona uso wake kabla hajajua kwamba namtazama. Sipendi kuukumbuka.

Anamwita kwa sauti ya mama yake. Sikujua kama anaweza kuigiza ile sauti. Niliisikia nikiwa uani, nywele zikanisimama.

Katikati ya hayo gari la wakili likaja kuchukua kochi. Niliwasaidia wachukuzi kulibeba. Zito. Nikasikia kitu kimekatika mgongoni. Mchukuzi mmoja akasimama, akaegemeza sikio, akasema kochi linapumua. Nikamweleza kwamba sponji mpya ndivyo zilivyo, hutoa hewa kwa siku kadhaa. Akaridhika. Mimi pia nikaridhika.

Sasa hivi nimeingia karakana kuchukua msumari. Juu ya meza, pale kochi lilipokuwa, kuna kipande cha kitambaa cheusi nilichokata jana. Kimenasa manyoya. Ya kijivu.

Nimekaa chini.

*Hunyamaza kama jiwe.*

Mke wangu yuko nje ya dirisha hili, anaangalia nyuma ya mapipa. Nimwambie? Nimemwambia nakwenda kununua gundi.

Alhamisi, jioni

Naandika nikiwa nimelala chali sakafuni. Mgongo.

Nilikimbia. Mtu wa umri wangu, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika mkasi wa kukatia turubai. Watu walinipisha njia.

Ofisi ya wakili iko ghorofani. Katibu muhtasi akaniuliza kama nina miadi. Nikamwambia nataka kuona kochi. Akasema nisubiri. Kochi lilikuwa palepale, chumba cha kusubiri, na juu yake wamekaa mume na mke waliokuja kuachana, kila mmoja kwenye ncha yake. Katikati yao pangeweza kukaa kwaya.

Nikapiga magoti miguuni pao. Nikaweka sikio kwenye kochi.

Mume akauliza huyu bwana anafanya nini. Mke akamjibu, kwa hasira, kwamba yeye aache kwanza kulialia, tangu wakae hapa ananung'unika kama kitoto kichanga, na machozi yake hayatabadilisha kitu. Mume akaapa hajalia. Akasema yeye alidhani anayelia ni mkewe, na kwamba alikuwa karibu kumbembeleza.

Wakatazamana. Kisha wote watatu tukasikia. Kilio chembamba sana, kutoka chini yetu.

"Kuna kiumbe humu," nikasema. "Tafadhali. Niinulieni."

Waliinua pamoja, huyu upande huu, yule upande ule. Katibu akapiga kelele. Wakili akatoka na kalamu mkononi akauliza mbona kochi lake jipya limelazwa kifudifudi. Nilikuwa nakata. Mkasi ule ni mkali, na sikujua Bibie yuko upande gani. Nikakata kidogo, nikasimama. Nikakata tena. Hakuna sauti. Ile sauti ilikuwa imenyamaza kabisa. Mke wa yule bwana akaniambia polepole, baba, polepole, na nikaona ameshika mkono wa mumewe bila kujua.

Niliingiza mkono mpaka begani. Springi. Sponji. Mbao. Kisha kitu chenye joto. Hakikusogea.

Nikawaza: nimemuua paka wa mama mkwe. Nitarudi nyumbani niseme nini?

Kisha kile kitu chenye joto kikaning'ata kidole gumba.

Sijawahi kufurahia kung'atwa. Nililia kwa sauti. Nilimtoa, kavaa nyuzi na vumbi la mbao, moyo wake unadunda mkononi mwangu kama cherehani. Nikamtia ndani ya shati. Alinikwaruza njia nzima. Nilimwacha akwaruze.

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Alinyoosha mikono, akampokea, akamtazama. Akatoa pini moja kwenye manyoya. Pini yangu. Hakuhitaji kuuliza.

Nilifungua mdomo.

"Usiseme," alisema. "Leo usiseme neno. Nilijiambia nikimtunza paka wake, ni kama bado namtunza yeye. Ndicho kitu pekee nilichojiambia. Na leo nimemtafuta ndani ya oveni."

Akaingia ndani. Akatoa sponji zote uvunguni, peke yake, akazitupia uani moja moja.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimefungiwa mdomo. Hakuna nyundo, hakuna stepla, hakuna redio, hakuna maoni. Hata viatu nimevuliwa. Natembea na soksi kama mwizi.

Kipenga kachungulia ukutani kuuliza mwanafunzi wa Jemadari anaendeleaje. Sikuruhusiwa kumjibu. Nilimwonyesha ishara. Kaielewa.

Mke wangu kaweka boksi la katoni kwenye kona ya chumba, kalilaza ubavuni, ndani katandika kitambaa cha kichwa cha mama yake ambacho hakijafuliwa. Mfuko huo alikuwa hajaufungua tangu msiba. Aliufungua leo huku kageukia ukuta. Harufu ikajaa chumba kizima: mafuta ya nazi, karafuu, na sabuni ya mche.

Bibie kaingia kwenye boksi. Hajatoka. Hajala.

Kesho kutwa shemeji.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mgongo umekataa kitanda. Nimelala sakafuni chumbani, chali, sisogei, siongei. Mke wangu kakaa upande wa pili, kaegemea ukuta, samaki kidogo kwenye sahani katikati yetu. Alikuwa anaongea. Si na mimi. Alikuwa anaeleza jinsi mama yao alivyokuwa akiwasuka nywele huku amelala usingizi, na nywele zikatoka sawa. Jinsi alivyomwokota Bibie kwenye gunia la mkaa. Nilikuwa sijui. Miaka yote ya ndoa sijui, kwa sababu, mke wangu kasema kwa sauti ileile ya chini, hukunyamaza muda wa kutosha.

Ni jambo la kutafakari. Nimepanga kulitafakari.

Alasiri kikatoka kichwa. Kisha bega. Mke wangu akaendelea kuongea, lakini niliona vidole vyake vimeng'ang'ania zulia. Bibie alinusa hewa. Akarudi. Akatoka. Akasogea, tumbo linagusa sakafu, mpaka kwenye samaki. Akala kipande kimoja. Kisha badala ya kukimbia akanijia mimi.

Mimi!

Akanusa nywele zangu. Akanusa kidole gumba chenye bandeji, kwa muda mrefu, kama anayesoma alichokiandika mwenyewe. Akapanda kifuani. Akakaa.

Na hapo hapo nikataka kupiga chafya. Manyoya yalikuwa puani. Niliona chafya inakuja kutoka mbali kama gari moshi. Mke wangu aliona sura yangu, akatikisa kichwa, akanisihi kwa macho. Nikaziba pumzi. Nikauma ulimi. Mwili mzima ukawa mgumu, machozi yakaanza kunitiririka mpaka masikioni.

Mke wangu akayaona yale machozi. Akaacha kuongea. Akasema, "Na wewe ulimpenda mama." Kisha akaanza kulia. Taratibu kwanza, halafu kwa kwikwi, kichwa kwenye magoti, kilio chote cha makaburini na cha siku zote zilizofuata. Bibie aligeuza masikio, akamtazama, lakini hakushuka.

Chafya ilipita.

Sikumwambia. Kwanza nimekatazwa kusema. Pili, mama mkwe nilimpenda kweli, ila sikuwa nafikiria hilo wakati ule.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Shemeji kaja na kikapu cha kubebea paka, kipya, lebo bado inaning'inia. Akakiweka mlangoni. Akatukagua. Akauliza mbona leo shemeji yake kimya, anaumwa? Mke wangu akasema ndiyo.

Tukakaa sebuleni. Mlango wa chumbani wazi. Hakuna aliyetazama ule mlango na hakuna aliyefikiria kitu kingine. Shemeji akaulizia kazi. Mke wangu akajibu kazi nzuri. Saa ya ukutani iligonga kama mtu anayehesabu kurudi nyuma.

Bibie akatokea kizingitini.

Akasimama. Akaingia. Katikati ya zulia, mkia juu! Nilijisahau. Nilikuwa nimeshika sinia la chai, na nilitaka kusema nilisemaje mimi, na nilipofungua mdomo mgongo ukanikamata, na sinia likaenda.

Vikombe. Birika. Vijiko vyote.

Kilichobaki kwenye zulia ni unyoya. Shemeji akafumba macho. Shemeji akasema, si kwa ukali, na ndiyo iliyoniumiza, "Unaona, mdogo wangu. Haiwezekani." Akanyanyuka kwenda kuchukua kikapu.

Mke wangu akamshika gauni. "Dada. Kaa kidogo. Kaa chini."

Na mwalimu mkuu, na gauni lake la kanisani, akakaa sakafuni kwenye chai iliyomwagika. Sikuwahi kudhani magoti yake yanakunjika. Tukakaa wote. Hakuna aliyeongea. Nilihesabu maua ya pazia, yale ambayo Jemadari hakuyafikia.

Muda ukapita mwingi sana. Kisha kucha, tik, tik, sakafuni. Bibie kizingitini tena. Akavitazama vikombe, akanitazama mimi, akanipita mbali. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mkono wa shemeji, akaunusa, akausugulia shavu.

"Amekimbia," shemeji akasema polepole, "na amerudi mwenyewe."

Mke wangu akasema ndiyo.

Shemeji hakuondoa mkono. Akasema kwake nyumba imekuwa kimya mno tangu mama aondoke, kimya cha kutisha, na labda paka alikuwa anamtaka kwa ajili yake mwenyewe. Mke wangu akamwambia aje kila Jumapili. Aje na katikati ya wiki. Wakashikana pale chini, wakalia, wakacheka kwa sababu gauni lilikuwa limelowa. Paka anabaki. Shemeji kaondoka na kikapu kitupu. Mlangoni kanishika bega akasema amefurahi kuona naweza kukaa kimya.

Nilikuwa nimepata ruhusa ya kusema kuanzia saa hiyo. Nikasema asante. Bibie hakukimbia.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimefikiria sana usiku kucha kwa nini tumefaulu. Jibu liko wazi. Kochi!

Woga ni kama maji ndani ya sponji. Ukibembeleza sponji, maji yanabaki humo humo. Ukiibana mpaka mwisho, inakauka. Nilimbana Bibie, akamaliza woga wake wote mara moja, pale ofisini kwa wakili, na tangu hapo amekuwa mtu mwingine. Boksi na kile kitambaa vilisaidia kidogo, sikatai, na mke wangu ana mchango wake. Lakini mbinu ni yangu. Inafaa ienezwe.

Bahati nzuri haikukawia. Asubuhi hii mama anayeuza maua sokoni kaleta kiti kushonwa, akalalamika kwamba ana kasuku asiyesema. Alinunuliwa akiwa mdogo, muoga, anakaa kona ya tundu na kufumba macho mtu akipita. Mwaka mzima hata neno. Nikamwambia mama, umefika. Kasema labda angemuuliza kwanza daktari wa wanyama. Nikamwambia madaktari watamwambia avumilie tu.

Kasuku yuko hapa jikoni sasa hivi. Mke wangu yuko kazini, nitamfanyia mshangao. Nimemtoa kwenye tundu, maana tundu ndilo linalomharibu, na nimefunga milango na madirisha yote asipate pa kujificha. Amekaa juu ya jokofu, amefumba macho.

Bibie ameingia. Kavuka jikoni yote bila kuyumba, mkia wima, hata nyundo niliyoangusha hakuijali. Ameruka juu ya meza. Anamtazama kasuku, hapepesi, mabega yanatikisika kidogo.

Sijapata kumwona anajiamini namna hii.